Ukuta mmoja umepakwa rangi mpya: tutoe arbuni?

SWALI: Mimi na mume wangu tumepata nyumba tuliyoipenda. Sebuleni ukuta mmoja tu, ule unaopakana na bafu, ndio uliopakwa rangi hivi karibuni. Dalali anasema kuna mteja mwingine, kwa hiyo tutoe arbuni leo. Mume wangu anasema ukuta si kitu, tutaurekebisha tukishahamia. Tufanyeje?

JIBU: Dada yangu, leo msitoe kitu. Huyo mteja mwingine huenda yupo kweli, lakini kuwepo kwake hakuukaushi ukuta kama una maji.

Ukuta hupakwa rangi peke yake kwa sababu nyingi. Pengine mtoto aliuchora, pengine kabati liliukwaruza. Ila ukiwa umegusana na bafu, mimi huuanza huo kabla ya vyumba vingine vyote. Katika miaka yangu ya kukagua nyumba zinazouzwa, nimewaona watu wakihangaika na maji kuliko na kitu kingine chochote, na karibu kila mara dalili zilikuwepo siku waliyoenda kuitazama.

Rudini mchana, na muombe fanicha iliyoegemea ukuta huo isogezwe. Simama ubavuni, umulike tochi ya simu sambamba na ukuta. Ukimulika kwa mbele, rangi mpya huficha kila kitu. Mwanga wa ubavuni huonyesha malengelenge na mahali plasta ilipozibwa. Kisha pitisha nyuma ya kiganja kuanzia juu kushuka chini. Penye unyevu utahisi ubaridi, hasa karibu na sakafu. Chungulia pia pale ukuta unapokutana na sakafu. Ukiona unga mweupe unaopukutika ukiugusa, hiyo ni chumvi: maji yamepita ndani ya ukuta, yakakauka juu, yakaiacha. Kupaka rangi juu yake hakusaidii, maana itaibambua rangi hiyo pia.

Mwenye nyumba akikubali, bandikeni kipande cha karatasi ya foili ukutani, kingo zote zizibwe kwa gundi ya utepe, kikae siku moja au mbili. Kikilowa upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Kikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na huenda kinachotakiwa ni dirisha la kupitisha hewa tu. Muuzaji asiye na la kuficha sioni kwa nini akatae jambo dogo kama hilo.

Mita ya maji nayo msiiache. Mabomba yote yafungwe, tangi liwe limejaa, msome namba, halafu msome tena baada ya saa moja. Ikiwa imesogea na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali panavuja.

Shemeji hajakosea kusema ukuta hurekebishika. Lakini kupiga plasta na rangi ndiyo kazi ndogo. Bomba lililofukiwa ukutani lina gharama nyingine kabisa. Mleteni fundi wenu, si wa dalali, aandike makadirio yake kabla hamjakubaliana bei. Mkishasaini na kukabidhiwa funguo, kumrudia muuzaji ni kazi ngumu mno.

Arbuni mkifikia kuitoa, iwe kwa maandishi kwamba itarudishwa endapo ukaguzi au hati vitaonyesha kasoro, na ipitie kwa wakili badala ya mfukoni mwa dalali. Kabla ya hapo mwombeni wakili atafute kwenye ofisi ya usajili wa ardhi jina lililoandikwa kwenye hati, na kama nyumba imewekwa rehani.

SWALI: Nauza nyumba tuliyoachiwa na wazazi. Paa liliwahi kuvuja, nikaliziba. Nikimwambia mnunuzi atashusha bei. Je, ninyamaze?

JIBU: Mwambie, kaka. Mwonyeshe palipovuja, mpe stakabadhi ya fundi na picha kama unazo. Alama ya maji kwenye dari akiigundua mwenyewe, atajiuliza umemficha nini kingine, na hapo atashusha bei kwa hofu. Kwa sheria za nchi nyingi, muuzaji aliyeficha kasoro anayoijua anaweza kudaiwa fidia hata baada ya kulipwa.

Ila katika barua yako paa halikunisumbua. Kilichonisumbua ni hapo uliposema nyumba mmeachiwa. Nani mwingine ameachiwa? Hati bado ina jina la marehemu? Kama ni hivyo, huna mamlaka ya kuiuza peke yako, hata kama ndugu zako wamekuambia kwa simu kwamba hawana neno. Panatakiwa msimamizi wa mirathi anayetambuliwa kisheria, na ni salama zaidi warithi wote waridhie kwa maandishi, pamoja na yule anayeishi mbali na yule mliyenuniana. Nimeona mauzo yakikwama mnunuzi akiwa ameshafungasha vyombo, kwa sababu ya sahihi ya mrithi mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo ondoa tangazo kwanza. Nenda kwa wakili na hati, vyeti vya vifo na majina ya ndugu zako wote, na arbuni ya mtu usiipokee mpaka akuambie njia ni nyeupe.