Baba Anakula Nusu ya Sahani

SWALI: Assalaam alaikum. Baba alipata kiharusi mwezi uliopita, mkono wa kushoto ukalegea. Siku hizi akipakuliwa wali hula wa upande wa kulia tu, kisha hulalamika hakushiba. Akipita vichochoroni bega la kushoto linagonga kuta. Macho yamepimwa, ni mazima. Jamaa wengine wanasema anadeka. Tufanyeje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam. Baba hadeki, na tafadhali waambieni jamaa wasimgombeze. Ubongo wa kulia, hasa sehemu ya juu kuelekea nyuma, ndio unaotufanya tuuzingatie upande wa kushoto. Damu ikikatika hapo, macho huona lakini ubongo hauna habari na upande ule. Yeye mwenyewe hajui kuna anachokosa, ndiyo maana anaona mmempunja wali.

Mpeni karatasi yenye mstari wa sentimita 20, muiweke sawa na kifua chake, mwambieni atie alama katikati. Mwenye tatizo hili huitia kulia mno. Akichora saa, nambari zote huzirundika kulia.

Bandikeni utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sahani. Kila mlo, kabla ya tonge la kwanza, ageuze shingo mpaka auone. Kumzungushia sahani kunamshibisha leo tu, hakumfundishi kutafuta. Mkizungumza naye, anzeni mbele yake, kisha sogeeni kushoto kidogo kidogo. Mkono uliolegea ukae juu ya mto anapouona. Msimnyanyue kwa kuuvuta, bega litateguka. Njiani, mtu atembee kushoto kwake, maana punda akitokea upande huo hatamkwepa. Jiko la mkaa lisikae kushoto kwake kabisa: anaweza kuungua asihisi.

Msishangae jirani aliyepata kiharusi akiwa na shida nyingine. Kikipiga ubongo wa kushoto, mara nyingi usemi ndio huharibika. Paul Broca alilieleza hilo Paris mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyebaki na neno moja, "tan". Kikipiga sehemu ya mbele ya ubongo, mtu mpole huweza kuwa mkali au kukosa haya.

Dawa za presha asiziache hata akijisikia vizuri. Uso ukipinda ghafla, au ulimi ukawa mzito, angalieni saa na mumkimbize hospitali papo hapo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa.