Chango Gani na Kizazi Hakipo?

Juzi dada mmoja wa Mbagala kaniandikia. Ametolewa kizazi, ana siku ya kumi na mbili, tumbo linamuuma, na mama mkwe kamletea chupa ya dawa ya chango, yale maumivu ya kizazi. Nikacheka. Halafu nikajikumbuka mimi, kicheko kikaniisha.

Mimi nilitolewa uvimbe kwenye kizazi. Kule wodini nesi alikuwa akipita kila asubuhi na sauti ya mnadani: "Umejamba?" Mtoto wa Kitanga mimi, nimefundwa nikafundika, nikaitikia ndiyo ili aondoke. Uongo mtupu. Siku ya tano niko nyumbani Tabata, tumbo limewamba kama ngoma, choo sijakiona. Kumbe dawa za usingizi na zile kali za maumivu huulaza na utumbo. Maji, papai, na kujikokota hadi getini nimekumbatia mto tumboni ndivyo vilivyoniokoa. Upepo ulipotoka mume wangu alipiga makofi!

Kinachoniuma mpaka leo ni kisa cha pili. Wiki ya tatu upande mmoja wa mshono ukawa mgumu, wa moto, na usiku natetemeka. Nikarudi walikonipasua. Daktari hakufunua hata kanga. "Kawaida, mama, kidonda kinapona." Nikarudi na bajaji, kila shimo la barabara nalia. Kesho yake, zahanati ya mtaani, nesi mtu mzima akaweka kiganja, akaminya kidogo tu, usaha ukachuruzika. Juu ngozi imefunga vizuri, chini kumeoza. Mtu alikuwa na macho, hakutaka kuangalia.

Kwa hiyo, wanawake wenzangu, acheni kusema "tumbo linauma" mkanyamaza. Sema wapi, tangu lini, na linaambatana na nini. Mkojo unachoma? Ule mpira wa mkojo huweza kukuachia UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Umefanyiwa upasuaji wa matundu madogo na bega linauma? Mara nyingi ni gesi waliyokujaza tumboni, itaisha baada ya siku chache. Miezi imepita na kitu kinavuta ndani? Makovu huweza kuunganisha utumbo na viungo vingine, na ultrasaundi isione kitu, ukaambiwa unadeka. Usikubali kuambiwa unadeka! Na ukiwa na homa ya nyuzi 38 kwenda juu, unatapika, tumbo linavimba na hakitoki choo wala upepo, au damu nyingi, au uchafu unaonuka, usingoje kukuche.

Dada wa Mbagala nimemuuliza kama ana homa. Kasema hapana, ila usiku anasikia baridi, anajifunika mablanketi mawili. Dar hii, na joto hili! Nimemwambia aende leo hii, na asitoke chumbani kwa daktari mpaka kanga ifunuliwe na mshono uangaliwe.