Sindano za Testosteroni na Damu Nzito: Itazame HCT Yako

Ndugu yangu, ikiwa daktari amekuanzishia sindano za testosteroni, yaani homoni ya kiume, nakuomba uijue hematokriti yako. Ni ile sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, na kwa mwanamume mzima huwa kama asilimia 40 hadi 50. Kwenye karatasi ya maabara huandikwa HCT. Wengi wetu macho hukimbilia kiwango cha homoni, hii tukaipita.

Homoni hii huchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu kwa wingi, na tena hupunguza hepsidini, ambayo kazi yake ni kuyabana madini ya chuma mwilini. Chuma kikiachiwa, chembe huzidi na damu huwa nzito. Miongozo ya madaktari wa homoni husema ikipita asilimia 54 dawa isimamishwe mpaka ishuke, kisha ianzwe tena kwa dozi ndogo.

Mimi nachoma sindano kwa sababu kokwa zangu ziliharibiwa na matubwitubwi niliyougua ukubwani. HCT yangu ilipofika 55, kichwa kilikuwa kizito kila alasiri na uso umeiva. Barazani hapa Lamu wakasema ni joto la kaskazi. Shemeji yangu, kwa mapenzi yake, akataka nikaumikwe. Hijama naiheshimu, ni sunna. Lakini damu inayotoka kwenye vikombe ni kidogo, hakuna anayeipima, na mtu huondoka akiamini amepona. Aspirini nayo haipunguzi chembe hata moja, usijinunulie tu dukani.

Kilichonisaidia ni dozi. Sindano kubwa ya mara moja kwa muda mrefu hupandisha homoni juu sana siku za mwanzo, na hapo ndipo uboho unaposukumwa. Daktari aliigawa ikawa ndogo ya kila wiki. Wako wanaohamishiwa jeli ya kupaka, ambayo kwa kawaida haipandishi damu kama sindano. Kisha akaniuliza kama nakoroma. Mke wangu akajibu kabla yangu: nakoroma, halafu pumzi inakatika. Kukatika pumzi usingizini hupandisha chembe nyekundu peke yake, na sigara vilevile, kwa hiyo ukiwa na mojawapo ya haya mawili, kupunguza dozi hakutatosha.

Kutolewa damu hospitalini kupo, lakini daktari ndiye aamue. Ukitolewa mara kwa mara chuma huisha, ukabaki mchovu huku chanzo kipo palepale. Ukienda kujitolea damu, waambie wazi dawa unayotumia.

Jambo la Ramadhani nalitilia mkazo. Mwili ukikauka, maji ya damu hupungua na HCT husoma juu kuliko ilivyo. Ukipimwa alasiri umefunga, na jua la Lamu au Malindi unalijua, karatasi inaweza kukutisha bure. Kunywa maji vizuri baina ya futari na daku, nenda maabara asubuhi mapema, mwambie daktari umefunga. Maji hukupa kipimo cha kweli, hayatibu chembe zilizozidi. Na kipimo kikifika wakati wake usikiahirishe: kabla ya kuanza dawa, kati ya miezi 3 na 6, kisha kila mwaka.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikabana, pumzi ikawa fupi ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukalegea, hapo huenda damu nzito imeganda mshipani, hakuna kungoja asubuhi. Aliye Lamu mjini aende hospitali ya King Fahd saa hiyohiyo. Aliye Pate au Kiwayu, apatane mapema na nahodha ambaye atapokea simu usiku, na namba hiyo awe nayo mkewe pia, pamoja na dalili hizi na jina la dawa, maana aliyepatwa na kiharusi huenda asiweze kujieleza.