Mbunifu Anayejitolea Kwenye Programu Huria

SWALI: Kazi yangu ni kubuni skrini za programu za simu, msimbo siandiki. Nilichora upya skrini zote 20 za programu huria moja (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha), nikawatumia wenyewe bila malipo. Hadi leo hakuna aliyezigusa. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Uliwapa kazi kubwa kuliko nguvu waliyo nayo. Miradi mingi ya aina hii hutunzwa na watu wachache, tena jioni baada ya ajira zao. Skrini 20 mpya ni miezi ya kuandika msimbo, na mchoro peke yake hausemi mtumiaji alikuwa anakwama wapi. Hapo ndipo unapohitajika hasa, maana aliyeijenga programu ameizoea mno hata kasoro zake hazioni.

Chukua OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 na yenye mizizi Eldoret. Ina toleo la majaribio mtandaoni, lenye wagonjwa wa kubuni. Chagua kazi moja tu: kusajili mgonjwa. Tafuta watu 5 wanaofanana na watumiaji wenyewe, kwa mfano makarani wa mapokezi, uwaambie: "Mama huyu hajui tarehe yake ya kuzaliwa. Msajili." Usitaje jina la kitufe, ukilitaja umeshawajibia. Kaa kimya, andika mkono unasita wapi na mtu anasema nini anapokwama.

Kabla ya kuripoti, tafuta kama tatizo hilo limesharipotiwa. Kama bado, andika toleo la programu, kifaa, hatua zilizofuatwa na wangapi kati ya watano walikwama. Kisha pendekeza badiliko la skrini moja. OpenMRS 3 inatumia vipande vya skrini vilivyo tayari, kama vitufe, kutoka Carbon, mfumo wa usanifu wa kampuni ya IBM. Ukichora kitufe kisichomo humo, mtu atalazimika kukijenga upya, na pendekezo litalala.

Wengi huchora hali nzuri tu. Onyesha pia fomu ikiwa tupu, kosa likitokea, mtandao ukisuasua, na jina refu lenye maneno manne. Maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1. Tuma faili la Penpot (programu huria ya kubunia skrini) au SVG (aina ya faili la mchoro) ili yeyote aweze kulifungua, na usitumie fonti ya kununua, kwani kwa kawaida mradi hauruhusiwi kuisambaza.

SWALI: Nitatambuliwaje kama mchangiaji?

JIBU: Orodha ya wachangiaji ambayo GitHub, tovuti ambako miradi mingi huria huhifadhi msimbo wake, huitengeneza yenyewe hufuata mabadiliko ya msimbo, kwa hiyo usanifu hupotea. Mwombe anayetekeleza pendekezo lako aongeze mwishoni mwa ujumbe wa badiliko (maelezo mafupi yanayoambatana na badiliko la msimbo) mstari wa Co-authored-by, yaani "imeandikwa pamoja na", wenye jina lako na baruapepe uliyosajili GitHub. Omba mapema, kabla badiliko halijaunganishwa na msimbo mkuu wa programu.