Kitambaa cheusi hakimalizi ndago

SWALI: Asalaam alaykum bwana shamba. Tumehamia nyumba mpya Mwera. Mbele ya baraza nataka bustani ya asumini, mawaridi na mrehani, na upande wa jikoni matuta mawili matatu ya tungule na bilingani. Shida yangu ni ndago, imejaa kiwanja kizima. Fundi wa bustani ameniambia tutandike kile kitambaa cheusi cha kuzuia magugu, tukate matundu ya kupandia, juu tumwage kokoto nyeupe, na sitopalilia tena maisha. Nimeshanunua roli la mita 50. Naomba kujua upande gani unakaa juu, kitadumu miaka mingapi, na je, nitie chumvi chini yake kama fundi anavyoshauri ili ndago ife kabisa? (Mama wa watoto wanne, Mwera)

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na hongera ya nyumba. Chumvi usitie, hata konzi moja; sababu nitakupa. Upande wa juu ni ule wenye mistari ya rangi. Mistari ile ni ya kumsaidia mpandaji kunyoosha safu zake, haina siri nyengine. Kilichonifanya nikae nikuandikie kwa urefu ni hiyo "sitopalilia tena maisha", kwa sababu siku hizi naikuta karibu kila ninapoulizwa habari za bustani ya nyumbani, na kila mara aliyeitamka ni mtu anayelipwa kwa kutandika.

Maneno ya mafundi hawa yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba magugu yanatoka chini, kwa hivyo ukiyafunika yamekwisha. Mengi hayatoki chini. Yanakuja na upepo, na ndege, na kuku wa jirani, na samadi isiyooza sawasawa, na viatu vya watoto wako wanne. Mbegu hizo zinaangukia juu ya kitambaa. Miezi ya mwanzo bustani inapendeza kweli, majirani wanaomba namba ya fundi. Kisha vumbi la barabarani, majani makavu na mchanga unaorushwa na matone ya mvua vinashuka na kukaa baina ya kokoto. Ikipita masika moja au mbili, pale juu pameshafanyika udongo wa unene wa kidole, na mbegu haitaki zaidi ya huo. Gugu linaota juu, mizizi inapenya kwenye kitambaa na kujifuma ndani ya nyuzi zake. Ukilivuta, ama linakatika likakuachia mzizi, ama linanyanyuka pamoja na kitambaa na kokoto zote za hapo. Basi unakaa kitako kuchambua kokoto kwa vidole, kazi ambayo kwenye udongo wazi ungeimaliza kwa jembe dogo asubuhi moja. Na fundi hapokei tena simu.

Ndago ni shauri jengine. Mmea mdogo unaotegemea mwanga ukiufunika utakufa, hilo kweli. Lakini ndago ina akiba yake chini, vile vijiazi vyeusi vigumu vilivyoungana kwa nyuzi, na chipukizi linalotoka hapo lina ncha kali kama sindano. Linatoboa naironi nyeusi ya mashambani. Linatoboa kitambaa chembamba kisichofumwa, kile cha gramu 50 kwa mita ya mraba kinachouzwa kwa bei ya kuvutia. Kitambaa kizito cha kufumwa, cha gramu 100, kinalizuia vizuri zaidi, lakini wewe mwenyewe utakuwa umekitoboa ili upande waridi, na ndago itatambaa chini ya kitambaa mpaka ikute tundu hilo. Itatokea shinani kabisa mwa waridi lako, itakunywa maji na mbolea unayolipatia waridi, na jembe haliingii hapo.

Hata hivyo, ndago kwangu si kubwa kama yanayotokea chini, pale ambapo hakuna anayetazama.

Udongo wetu wa visiwani hauna akiba kubwa. Kichanga hakishiki kitu. Kinongo, huo udongo mwekundu, ni bora zaidi, lakini kwa joto letu na mvua zetu mboji inakwisha haraka, kwa hivyo lazima ulishwe kila msimu. Unalishwa kwa samadi, kwa majani yanayoanguka, na kwa nyungunyungu wanaoyavuta majani hayo kuyapeleka chini. Kitambaa kinaikata njia hiyo. Majani yanaozea juu yake na kuwalisha magugu, udongo chini una njaa. Kifunue kilichokaa miaka mitatu minne uone: udongo umeshikana, rangi imefifia, matundu ya nyungunyungu hakuna. Mizizi ya asumini, badala ya kuteremka, imetambaa juu juu na kunata kwenye tumbo la kitambaa, myeupe na myembamba, ikitafuta hewa na unyevu. Ukikivuta kwa nguvu unaing'oa. Kwa hivyo waliokwisha kukitandika wasikurupuke. Wakitoe kipande kwa kipande masika yanapoanza, na siku hiyo hiyo pafunikwe kwa majani makavu.

Fundi atakwambia kitambaa kinapitisha maji. Kikiwa kipya, ndiyo. Matope laini yakishaziba vitundu vyake, mvua kubwa ya masika inateleza juu na kukimbia; Pemba, penye miteremko, nimeona inazoa kokoto zote mpaka mtaroni. Na vile vimvua vya mchoo vinaishia kwenye kokoto. Jua likitoka vimekwenda, na waridi halikuonja tone.

Halafu hizo kokoto nyeupe. Nyingi zinazouzwa hapa ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Mvua inaiyeyusha chokaa hiyo kidogo kidogo na kuiingiza udongoni, udongo unapoteza uchachu wake, na madini ya chuma yaliyomo yanajifunga mmea usiweze kuyachukua. Utaona majani machanga ya waridi na asumini yanakuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani. Mwenye bustani anadhani ni maradhi, anakwenda dukani, anauziwa dawa ya ukungu. Dawa ya ukungu kwa mmea wenye njaa ya chuma! Nayo haitasaidia, atauziwa nyengine.

Wapo pia wanaokwepa gharama ya roli wakatandika viroba vya mchele vilivyopasuliwa. Nyuzi zake ni za plastiki hiyo hiyo, ila kiroba hakikutengenezwa kukaa juani, na haupiti muda kinachanika. Jembe linatoka na mafungu ya nyuzi, kuku wanazidonoa. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, kisha tunaizika wenyewe, kwa hiari yetu, kwenye matuta ya tungule.

Roli lako usilitupe. Litandike kwenye njia ya kutoka getini mpaka barazani. Hapo hakuna mmea wa kulishwa, na kitambaa kitazuia kokoto zisizame kwenye kinongo kikilowa. Parua nyasi, shindilia, tandika, vipande vipandane sentimita 20, kata kwa kisu kilichopashwa moto ili ukingo usifumuke, pigilia vijiti vya nondo nyembamba vilivyokunjwa, kila baada ya mita moja au pungufu. Kipande chengine kitafaa chini ya viriba vya miche. Ukiuliza kitadumu miaka mingapi, inategemea jua: kikifunikwa vizuri kitakaa miaka mingi, kikiachwa wazi kinaanza kubabuka mapema. Na hizo kokoto nyeupe nazo mahali pake ni hapo njiani.

Kwenye bustani yenyewe itakubidi usubiri msimu mmoja, na najua hutolipenda neno hilo. Ndago inashindwa na vitu viwili, ukavu na kivuli. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, lowesha sehemu moja jioni, asubuhi yake fukua kwa jembe uma kina cha shubiri moja, na uvifuate vijiazi kwa mkono. Usikatekate kwa jembe la kawaida: vijiazi vile vimefungamana kwenye mnyororo, na cha mbele kinavilaza vya nyuma, ukiukata mnyororo, vyote vilivyolala vinaamka, na ulikokuwa na mche mmoja unapata mitano. Ulivyovitoa vianike juani kwenye kitu kigumu mpaka vikauke kabisa, usivitupe kwenye shimo la mboji. Masika yakiingia panda viazi vitamu, mbegu zikaribiane ili majani yafunike ardhi haraka, na chipukizi lolote la ndago ling'oe kila baada ya wiki mbili kabla halijaunda vijiazi vipya. Siku ya kuvuna viazi utakuwa unafukua tena ardhi ile ile, basi okota vilivyobaki. Hutoimaliza yote, lakini itapungua mpaka iwe kazi ya mkono. Vuli ikija panda mawaridi yako.

Kisha tandaza. Majani makavu ya mgomba, nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu, makuti yaliyochakaa, makumbi ya nazi yaliyochanwa. Unene wa sentimita 7 mpaka 10, usigusane na shina, na uongeze kila yanapopungua, maana kupungua huko ndiko kulishwa kwa udongo. Walio karibu na pwani wanaweza kutumia mwani uliotupwa ufukweni, ila kwanza unyeshewe mvua za kutosha chumvi itoke. Makonyo ya karafuu, kwa walio Pemba, yaacheni yaoze kwanza. Mafuta yake yanazuia mbegu kuota na yanaunguza miche michanga. Mkitaka kufunika zaidi, wekeni maboksi yaliyoloweshwa, yasiyo na selotepu, chini ya majani. Yanazuia magugu ya mbegu kwa msimu mmoja kisha yanaoza. Yote haya yakae mbali na ukuta wa nyumba, nusu mita au zaidi, kwa sababu ya mchwa.

Kuhusu chumvi, majani ya ndago yatakauka na fundi atakuonesha kwa furaha. Vijiazi chini vitakuwa vizima, na kitakachokufa mwanzo ni asumini. Mvua ikishuka, chumvi inashuka nayo, na visiwa hivi vinakunywa maji ya chini ya ardhi. Visima vingi vya karibu na bahari vinatusumbua kwa uchumvi bila ya sisi kuuongeza kwa mikono yetu. Ni hivyo hivyo kwa wanaomwaga oili chafu ya gari "kuua magugu na mchwa kwa pamoja". Oili ile haipotei, inakaa kwenye udongo au inateremka kisimani, na pale ulipoimwaga hapaoti kitu unachokitaka kwa miaka.

Dawa za viwandani sizikatai. Glifosati, dawa ya kuua magugu, inayafikia mizizi ya ndago ikipulizwa majani yakiwa mabichi na yanakua vizuri, lakini kwa kurudia, si mara moja, na tone likilifikia jani la waridi limeliunguza. Anayekwambia piga mara moja tu umemaliza, hajui dawa anayoiuza. Wabaya kuliko wote ni wanaozunguka na "dawa ya ndago" iliyotiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, nyengine ina rangi ya juisi. Chupa isiyo na karatasi ya maelezo usiinunue, hata muuzaji awe jamaa yako. Hujui kilichomo, hujui kipimo chake, na siku mtoto atakapoikuta jikoni akainywa, daktari naye hatojua anamtibu nini.