Msaidizi Wako Aketi Wapi?

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo, na maneno yangu hutoka polepole, yakikwama njiani, hivi kwamba asiyenizoea huambulia nusu tu. Ndiyo maana ninapokuwa na shughuli nzito jijini Nairobi huandamana na binamu yangu, ambaye hurudia ninayoyasema neno kwa neno. Mwaka juzi, katika benki moja ya katikati ya jiji, afisa alimtoa nje akidai kwamba analinda siri zangu; kisha, baada ya kuniuliza jambo lile lile mara tatu bila kunielewa, alimwita tena akamuuliza, "Huyu anataka nini?" Nilikuwa nimeketi mbele yake, kitambulisho mkononi.

Tangu siku hiyo hutanguliza barua fupi, nikieleza kwamba nitakuja na msaidizi niliyemchagua mwenyewe na kwamba maswali yaelekezwe kwangu. Hutaja Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha (hilo "huyu" halijanitoka moyoni), pamoja na Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, na unaozitaka serikali zituwezeshe kupata usaidizi tunaouhitaji katika kufanya maamuzi ya kisheria. Kwa mwenye kesi, Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinairuhusu mahakama kukubali mtu wa kumsaidia mlalamishi au mshtakiwa kuwasiliana nayo.

Hata hivyo, kazi kubwa zaidi ni kumfunza msaidizi mwenyewe. Binamu yangu ananipenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomfanya animalizie sentensi: nikiwa bado napambana na neno "miezi", tayari alishamwambia afisa kwamba mkopo nitaulipa kwa miezi 24, ilhali nilikusudia 12. Tulikorofishana hadi stejini. Kisha tukaafikiana kwamba ataketi kando yangu, kiti chake kikiwa nyuma kidogo. Kwamba nambari ya siri naiingiza peke yangu, yeye akiwa ametazama pembeni. Na kwamba nikigonga meza mara moja, anyamaze hapo hapo.

Mwezi uliopita afisa mwingine alianza tena kumwuliza yeye. Niligonga meza. Binamu yangu akainua macho, akaanza kuichunguza feni ya darini, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kujibu, afisa alinigeukia na kusubiri.