Muuguzi nje ya wodi: maswali yenu

Nimehitimu stashahada ya uuguzi na sitaki zamu za usiku. Nianzie ofisi gani?

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi na jibu halijabadilika: anzia wodini. Mfuko wa bima ukimwajiri muuguzi kukagua madai ya hospitali, haumlipi kwa kujua kompyuta. Humlipa kwa sababu akilisoma faili la mgonjwa aliyelazwa siku tatu anaitambua dawa isiyostahili kuwamo na kipimo kilichoandikwa mara mbili. Jicho hilo hulipati darasani. Miaka miwili mitatu ya zamu, pamoja na hizo za usiku unazozikimbia, ndiyo mtaji wako.

Nikiingia kwenye bima, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga niiache?

Usiiache. Wapo walioiona ada ya kuhuisha leseni kuwa hasara, kampuni ikapunguza watu, wakajikuta hawana ofisi na wodini hawapokelewi.

Nina cheti. Naweza kuwa mkufunzi wa chuo?

Hapana. Kasome kwanza.

Nimechoka na wagonjwa. Utafiti unanifaa?

Kama umechoka na watu, haukufai. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021, ilijaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe, na kazi ya namna hiyo huwategemea sana wauguzi: kumweleza mzazi utafiti kwa lugha anayoielewa mpaka aridhie au akatae bila kushinikizwa, kumchukua mtoto damu, kuandika kila homa inayotokea baada ya sindano, na kumfuatilia nyumbani anapokosa kufika kliniki. Utahitaji mafunzo ya maadili ya utafiti, na uvumilivu wa makaratasi kuliko wodini. Ujue pia kwamba mara nyingi mkataba hufuata fedha za mfadhili: mradi ukifungwa, ajira nayo imekwisha. Uliza tarehe hiyo kabla hujaacha kazi ya serikali.

Migodini wanaajiri wauguzi?

Wanaajiri, hasa wenye mafunzo ya huduma za dharura.

Wakala ananiahidi kazi ya uuguzi wa nyumbani Uarabuni. Niende?

Usome mkataba wenyewe, si maneno ya wakala. Ukiandikwa mfanyakazi wa ndani, hivyo ndivyo utakavyohesabiwa huko, hata ukiwa na shahada mbili, na vyeti vyako halisi usimkabidhi mtu yeyote.